Kifaru Aliwekwa, Sisi Tukaachwa: Historia ya Volkswagen ya Sentimita 17

Leo sina stori ya msanii wala mwanasiasa. Leo ni gari. Tena gari dogo sana, linaingia kwenye boksi la viatu na nafasi inabaki.

Mwaka 1965 kampuni ya Corgi ya Uingereza ilitoa gari la kuchezea, namba 256 kwenye orodha yao. Lilikuwa Volkswagen, ile yenye mgongo wa kobe, ikiwa imepambwa kama gari la mashindano ya East African Safari. Ubavuni namba 18. Na ndani ya boksi, pamoja na gari, mtoto alipata mnyama mmoja wa plastiki: kifaru.

Fikiria kidogo. Mtoto wa London au Swansea anafungua boksi siku ya kuzaliwa kwake. Anapata gari la Wajerumani, jina la Afrika Mashariki, na kifaru. Watu hakuna. Hakuna mama aliyesimama kando ya barabara na mzigo wa kuni kichwani. Hakuna vijana wanaosukuma gari kwenye tope. Kwa akili ya aliyebuni boksi lile, Afrika Mashariki ilikuwa barabara na mnyama, basi.

Mimi sina shida na kifaru, buda. Shida yangu ni kwamba modeli ya gari si kitu cha kuchezea tu. Anayeitengeneza anaamua nini kiwekwe na nini kiachwe, na kuamua hivyo ndiko kuandika historia. Kwa hivyo nikajenga ya kwangu. Hii hapa ni historia ya gari hilo, halafu nitakuonyesha jinsi nilivyolijenga na kulipaka rangi hapa Kwanza, bila kuagiza hata kipande kimoja kutoka nje.

1953: mwaka wa vitu vidogo na mambo makubwa

Tarehe 2 Juni 1953 Elizabeth wa Pili alitawazwa London. Hiyo unaijua kwenye filamu. Usichojua labda ni kwamba sherehe ile ilizaa vitu viwili vinavyohusu stori yetu.

Cha kwanza ni gari la farasi. Kampuni ndogo ya London iliyoitwa Lesney ilitengeneza modeli ndogo ya gari la farasi la kifalme, na ikauza zaidi ya milioni moja. Mmoja wa wenye kampuni, Jack Odell, alikuwa na binti ambaye shule yake iliruhusu tu vitu vya kuchezea vinavyoingia ndani ya kiberiti. Odell akamtengenezea mashine ndogo ya kushindilia barabara, ikaingia. Kutoka hapo zikaja Matchbox, yaani magari ya kiberiti. Sheria ya shule moja ikazaa biashara ya dunia nzima.

Cha pili ni mashindano yetu. Kusherehekea kutawazwa kulekule, wapenda magari wa Nairobi waliandaa Coronation Safari, kuanzia 27 Mei hadi 1 Juni 1953, kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yalikuwa ya kawaida, yale ya kununuliwa dukani, yakagawanywa kwa bei. Hakukuwa na mshindi rasmi wa jumla mwaka ule, lakini gari lililomaliza na adhabu chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen. Mwaka uliofuata Volkswagen ilishinda tena, ikiendeshwa na Vic Preston na D. P. Marwaha. Ikashinda 1957. Ikashinda 1962, usukani ukiwa na Tommy Fjastad. Miaka tisa, mara nne, gari dogo ambalo watu walilicheka.

Sasa sikiza upande ambao hauandikwi kwenye boksi la kuchezea.

Tarehe 8 Aprili 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa Kapenguria. Kapenguria ni hapo juu tu, ukitoka Kitale unafika kabla hujamaliza njugu zako. Kesi ile ilipokuwa inaendelea, Kapenguria haikuwa na pa kulala wageni, kwa hivyo hakimu na mawakili walikaa Kitale na kupanda kila siku kwenda mahakamani. Magari yalipita mji wetu asubuhi na jioni, na ndani yake ilikuwa imebebwa hatima ya nchi.

Hesabu na mimi. Kutoka 8 Aprili hadi 27 Mei ni wiki saba kamili. Wiki saba baada ya hukumu ile, magari ya Coronation Safari yaliwasha injini. Nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari tangu Oktoba 1952. Elijah Masinde wetu wa Dini ya Msambwa alikuwa amezuiliwa mbali na nyumbani tangu 1948. Trans Nzoia yote nzuri ilikuwa mashamba ya walowezi, na wazee wetu walikuwa maskwota juu ya ardhi waliyoijua kwa majina ya mito yake. Halafu watu wengine wanazunguka nchi tatu kwa raha, kushangilia malkia.

Sisemi madereva wale walikuwa watu wabaya. Nasema tu mambo haya mawili yalitokea kwenye barabara za nchi moja, msimu mmoja, na ni moja tu lililotengenezewa gari la kuchezea.

Kwa nini gari hili?

Mtu ataniuliza: kama una uchungu hivyo, mbona unajenga gari la wakoloni?

Kwanza, Volkswagen haikuwa ya Waingereza. Historia yake ni chafu na ya ajabu kuliko hiyo. Ilibuniwa na Ferdinand Porsche kwa amri ya Hitler, na mwaka 1938 jiwe la msingi la kiwanda likawekwa. Wajerumani wa kawaida waliambiwa wanunue stempu za marka tano kila wiki, kijitabu kikijaa wapate gari. Mamia ya maelfu walilipa. Vita ikaja, kiwanda kikageuzwa cha kijeshi, watu wakafanyizwa kazi kwa lazima humo ndani, na hakuna mlipaji wa stempu aliyepata gari lake. Ukisikia mtu anakuambia lipa kidogo kidogo sasa, gari litakuja, kumbuka hiyo.

Baada ya vita kiwanda kikaangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza. Wenye viwanda vya magari Uingereza wakaliangalia gari lile wakasema halina mbele wala nyuma. Lakini afisa mmoja, Meja Ivan Hirst, akakifufua kiwanda, na jeshi likaagiza magari 20,000. La mwisho kabisa la aina ile lilitoka kiwandani Puebla, Mexico, mwezi Julai 2003. Jumla: zaidi ya milioni 21.

Pili, gari hili liliielewa barabara yetu. Injini yake inapoa kwa hewa, haina rejeta. Hakuna maji ya kuchemka ukipanda mlima, hakuna mpira wa maji wa kupasuka saa nane usiku kilomita 60 kutoka kwa fundi. Injini imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hivyo uzito uko pale unapohitajika ukiwa kwenye tope. Chini ni bapa, linateleza juu ya matuta badala ya kukwama. Nguvu yenyewe ilikuwa farasi 25 tu kwa gari la 1953. Pikipiki nyingi kubwa za leo zinaizidi mbali. Lakini mvua ikinyesha Mei, na unaijua mvua ya Mei huku kwetu, mwenye nguvu nyingi anachimba shimo na mwenye akili anapita.

Tatu, na hii ndiyo ya muhimu, baada ya uhuru gari hili likawa letu. Walimu waliendesha. Mapadri waliendesha. Mafundi wa jua kali walijifunza injini kupitia hilo, kwa sababu lilifunguka kwa spana chache. Ukiuliza mzee yeyote wa Kitale au Bungoma gari la kwanza alilopanda, kama si basi basi ni Peugeot au Volkswagen.

Sisi pia tulikuwa na modeli

Watu wa modeli Ulaya na Japani wana lugha yao. Skeli 1:43 ni ya Corgi na wenzake, ilianzia kwenye treni za kuchezea. Skeli 1:64 ni karibu na zile za mfukoni. Skeli 1:24 ndiyo ya wajenzi hasa, wale wa kununua boksi la vipande vya plastiki, gundi na rangi. Kampuni kama Tamiya ya Shizuoka, Japani, zimejenga jina kwa hiyo. Na Hasegawa, Wajapani vilevile, wametoa boksi la Datsun 240Z iliyoshinda Safari mwaka 1971. Kuna mtu Osaka sasa hivi amekaa mezani na brashi ndogo, anapaka tope la Kenya kwenye gari la plastiki. Na wewe uliyezaliwa kwenye tope lenyewe hujawahi kuambiwa hiyo ni sanaa.

Lakini wewe umejenga. Kama ulikulia Kwanza, Endebess, Kiminini, Kimilili au Chwele, umejenga. Waya za ua, mpira wa malapa, vifuniko vya kopo la Kiwi, fimbo ndefu ya usukani inayokufikia kiunoni ili ukimbie nalo ukiwa umesimama wima. Gurudumu la mbele lilikuwa linakata kona kweli. Wengine waliweka springi. Kuna watoto walitengeneza lori lenye kichwa kinachofunguka na taa za betri.

Hakuna aliyetupatia ramani. Mtoto wa miaka tisa alitazama matatu ikipita kwa sekunde nne, akarudi nyumbani akaikunja kwa waya, na kila mtu mtaani akaitambua ni matatu gani. Hiyo ni kupima kwa jicho, kukumbuka umbo, kupunguza ukubwa bila kuharibu uwiano. Mhandisi anasomea hivyo vitu miaka mitano. Mimi nilisomea miwili, karo ikagoma, nikatoka. Na nakuambia wazi: hakuna siku hata moja darasani mtu alituuliza, "Nani hapa amewahi kujenga gari la waya?" Wangeuliza, mikono ingejaa chumba.

Namba kwanza

Haya, tuingie kazini. Volkswagen halisi ina urefu wa karibu mita 4.07, upana mita 1.54, kimo mita 1.50. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya la nyuma ni mita 2.40. Gawanya kila kitu kwa 24. Urefu unakuwa sentimita 17. Upana 6.4. Kimo 6.2 na kitu. Na kati ya magurudumu? Sentimita 10 kamili. Manze, nilipoona hiyo namba nilicheka peke yangu. Ni kama gari lilibuniwa lipunguzwe.

Kuna Volkswagen kuukuu imelala kwenye boma moja karibu na Kitale, kuku wanalala ndani. Mwenyewe akaniruhusu nipime. Nilienda na tepu ya fundi, daftari na simu. Ushauri: usipime tu urefu na upana. Pima vitu vidogo. Taa ina upana gani? Kutoka ukingo wa mlango hadi matawi ya gurudumu ni vidole vingapi? Watu wanatambua gari kwa vitu hivyo, kama unavyomtambua jirani kwa mwendo kabla hujaona sura.

Kisha historia ikaingia kwenye vipimo. Volkswagen za zamani zilikuwa na kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili, kama maharagwe mawili. Mwezi Machi 1953 kiwanda kikabadilisha, kikaweka kioo kimoja cha umbo la yai. Mashindano yalikuwa Mei, na gari lilifika huku kwa meli. Nikachagua kioo kilichogawanyika. Ukikosea hapo, umejenga gari la mwaka mwingine, na mtu wa Osaka atakuona.

Kitu kingine: magari yale hayakuwa na indiketa za kumulika kama za leo. Yalikuwa na mikono midogo iliyojificha kwenye nguzo nyuma ya mlango, ukikata kona mkono mmoja unainuka na kuwaka. Nilitengeneza mmoja umeinuka, kwa kipande cha kijiti cha meno. Watu wengi wakitazama gari langu hiki ndicho wanachokiuliza kwanza.

Mifupa, ngozi, miguu

Mifupa ni waya. Nilitumia ile laini ya mafundi wa ujenzi, ya kufungia nondo. Nikachora gari kwenye karatasi ya manila kwa ukubwa wake wa sentimita 17, upande, mbele na juu, kisha nikakunja waya juu ya mchoro. Kila waya lazima ulale juu ya mstari wake. Kama hauilali, unakunjua unarudia. Hapa ndipo utoto wako unakulipa.

Ngozi ni bati la kopo. Kopo la mafuta ya kupikia lina bati laini, linakatika kwa mkasi mzuri, lakini vaa glavu, kingo zake ni wembe. Tatizo la Volkswagen ni kwamba haina mahali panyoofu. Kila kitu kimepinda, na kimepinda pande mbili kwa wakati mmoja. Ukijaribu kuvisha bati moja zima litakunjamana kama shuka. Kwa hivyo fanya kama fundi wa bodi: kata vipande vidogo, gonga kila kimoja taratibu juu ya gunia la mchanga kwa kichwa cha kijiko, hadi kikubali mviringo. Paa nililigonga siku mbili.

Mapengo kati ya vipande nilijaza kwa faila ya mafundi wa magari. Ukienda kwa fundi yeyote wa kupiga rangi anakupatia kidogo kwa bei ya soda. Ikikauka, msasa. Anza na mkwaruzo, malizia na laini kabisa, huku unalowesha maji. Funga macho upitishe kidole. Macho yanasamehe, kidole hakisamehi.

Magurudumu: tairi halisi ya gari lile ina kimo cha karibu sentimita 65, ukigawanya unapata milimita 27. Sarafu ya mbao ni milimita 26. Kwa hivyo nikaweka sarafu juu ya malapa meusi, nikachora nje kidogo ya ukingo, nikakata. Malapa kuukuu, si ya mama, usiniletee kesi.

Rangi ni mahali watu wanaharibu

Sasa rangi, na hapa sikiza vizuri.

Kosa kubwa la watu wengi ni kupaka nene. Piga hesabu: ukiweka rangi ya unene wa nusu milimita kwenye skeli 1:24, ni kama umepaka gari halisi rangi ya unene wa sentimita 1.2. Gari halisi lingeonekana kama limemwagiwa uji. Mistari ya milango inazibika, taa zinapoteza kingo. Kwa hivyo rangi iwe nyepesi, kama maziwa, na tabaka ziwe nyingi. Praima ya kijivu kwanza. Praima ni mpelelezi, itakuonyesha kila kovu ulilodhani umelificha. Rudi kwenye msasa. Praima tena.

Juu yake nilipuliza rangi ya magari, ile ile ya mafundi, iliyopunguzwa kwa thina. Tabaka tano. Na ngoja jua. Ukipuliza rangi hii siku yenye unyevu, maji ya hewani yanaingia kwenye rangi kabla haijakauka na inageuka ukungu mweupe. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na mchana mvua inaweza kukujia bila kugonga mlango. Fanya kazi asubuhi. Funika gari na beseni baadaye, vumbi lisikae. Na vaa barakoa, hiyo thina si marashi.

Mng'ao pia una skeli. Gari dogo liking'aa sana linaonekana kama pipi. Rangi ya gari kubwa ukiitazama kwa mbali huonekana imefifia kidogo, kwa hivyo ongeza tone la nyeupe kwenye rangi yako na usimalize kwa mng'ao wa kioo. Bampa na vifuniko vya magurudumu nilipaka kwa rangi ya kucha ya fedha, ya shilingi hamsini. Dada yangu anajua.

Halafu tope.

Tope ndilo lililonifanya niandike hii posti. Wajenzi wa nje wananunua tope la chupa, unga wa rangi wenye lebo. Mimi nilitoka nje ya mlango nikachota udongo wa Kwanza. Lakini huwezi kupaka hivyo hivyo. Punje moja ya mchanga ya milimita moja kwenye skeli yetu ni jiwe la sentimita 2.4. Nikakausha udongo, nikausaga, nikauchuja kwa soksi laini za akina mama, mara tatu, hadi ukawa kama unga wa poda. Nikachanganya na gundi nyeupe na maji.

Na tope lina tabia. Halikai kila mahali sawa. Linaruka kutoka gurudumu la mbele linapiga mlango sehemu ya chini. Nyuma linapanda hadi kwenye kioo. Mbele, vipangusio vinaacha nusu duara mbili safi. Chini ya matawi ya gurudumu linakaa nene, limekauka rangi nyepesi kwa nje na nyeusi kwa ndani. Ukipaka tope bila kufikiria gari lilikuwa linaenda wapi, umepaka uchafu tu.

Watu sasa

Gari likaisha. Likapendeza. Lakini bado lilikuwa kama la Corgi, ukitoa kifaru.

Hivyo nikatengeneza watu. Mtu wa sentimita 170, ukigawanya kwa 24, ni sentimita saba. Waya kwa mifupa, udongo wa mfinyanzi kwa mwili, rangi. Wanne. Wawili wameegemea nyuma ya gari wakisukuma, miguu imezama kwenye tope. Mmoja ana jembe begani, ametoka shambani. Wa nne ni mtoto, amesimama kando na fimbo ya gari la waya mkononi. Gari lake la waya ni la milimita kumi na mbili. Hilo lilinichukua jioni nzima na kope moja.

Sikuwabuni hao kutoka hewani. Kila mtu aliyekaa kando ya njia za Safari miaka ile anajua magari hayakutoka kwenye tope kwa nguvu ya injini peke yake. Yalisukumwa. Watu wa vijijini walitoka mashambani usiku, kwenye mvua, wakasukuma, wengine kwa senti chache, wengine kwa furaha tu ya kuligusa. Mwaka 1963 magari saba pekee yalimaliza mashindano. Mwaka 1968, saba tena. Majina ya madereva saba unayapata dakika moja kwenye intaneti. Majina ya waliosukuma hayapo mahali popote.

Na ukurasa ulianza kugeuka polepole. Marwaha alikuwa ndani ya gari lililoshinda 1954. Mwaka 1965 Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, akishirikiana na ndugu yake Jaswant, alishinda akiwa na Volvo iliyokuwa imeshatumika. Akashinda tena 1974 na 1976, watu wakamwita Simba wa Kenya. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia na Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sisi 660, kidogo kuliko Volkswagen yenyewe. Akamaliza wa 12 na kushinda daraja lake. Wenzake waliokuwa na Vivio, Colin McRae akiwemo, hawakufika mwisho. Vivio hiyo ndiyo modeli yangu inayofuata, nimeshaanza kuchora.

"Hizo ni kazi za watoto"

Najua komenti zitakuja. "Umeacha chuo ndio ucheze na matope?" Hebu tuongee.

Mwaka 1986 Rais Moi aliwaomba Chuo Kikuu cha Nairobi watengeneze gari la Kenya. Mwaka 1990 magari matano ya majaribio ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa. Yalitembea kweli. Kisha pesa zikakosekana na ndoto ikaishia hapo. Desemba 2016 Volkswagen ilirudi, ikaanza kuunganisha Polo Vivo kule Thika. Nilifurahi, kazi ni kazi. Lakini kuunganisha ni nini? Vipande vinakuja kwenye makasha, vimehesabiwa, na maelekezo. Unavifunga pamoja. Hiyo ni boksi la Tamiya, skeli 1:1.

Hakuna aibu kwa anayeunganisha. Mimi nasema tu kwamba mtu anayefungua boksi anapokea maamuzi ambayo mwingine alishayafanya: umbo, kipimo, rangi, na kama kutakuwa na watu au kifaru. Mtoto wa gari la waya hapokei maamuzi ya mtu. Anayafanya yeye. Tulikuwa na nchi nzima ya watoto wanaofanya maamuzi, halafu tukawaambia watupe waya wakasome. Sasa tunashangaa mbona hakuna anayebuni.

Kitale tuna jumba la makumbusho. Lilifunguliwa 1974, na msingi wake ni mkusanyo wa mlowezi, Hugh Stoneham, aliyekusanya wadudu, ndege na vitabu miaka mingi. Nenda ukaone, ni pazuri. Wadudu wamechomwa sindano mmoja mmoja, kila mmoja na jina lake na mahali alipopatikana. Kila nikiwatazama nafikiria: mende wa Trans Nzoia ana lebo, na aliyesukuma gari usiku wa mvua hana.

Kwa hivyo nina kazi ya kukupa, na si ya kupenda na kushea. Kama una kuka au kukhu nyumbani aliyewahi kusimama kando ya barabara Safari ikipita, Kitale, Webuye, Eldoret, popote, keti naye wiki hii. Muulize gari lilikuwa la rangi gani, walisukuma wangapi, walipewa nini. Rekodi kwa simu. Kisha andika jina lake kamili na jina la kijiji, weka tarehe, hifadhi mahali ambapo simu ikiibwa haliendi nalo.

Na kama una mdogo wako anayekunja waya huko nyuma ya nyumba, usimwambie aache kelele. Mpe rula.